Kichwa Kilichosukwa Nusu

Kwa Hélène, kule Mudzipela mjini Bunia, chumba cha jeu, ile michezo ya video, kilikuwa na televizyo nne. Tatu zilikuwa za mpira. Ya nne, ile yenye ufa kwenye kona, ilikuwa ya jeu ya Msafiri. Dirisha lilizibwa kwa shuka ya bluu ili jua lisiwapige wachezaji machoni, na ukutani Hélène aliandika kwa makaa: HAPANA KUTUKANA. HAPANA KUPIGA MANETTE CHINI. MUTU WA KULEWA ABAKI INJE. Manette ndicho kile kishikio chenye vitufe cha kuchezea. Umeme ulishuka kutoka panneaux mbili za jua zilizofungwa juu ya mabati. Wingu likipita, watu wote walinyamaza wakaitazama taa ndogo ya batri, kama wagonjwa wanavyomtazama daktari akiingia.

Mlangoni, upande wa kushoto, Emerance alikaanga mandazi juu ya mbabula ya makaa. Watu walimwita Mama Débora, kwa jina la mtoto wake, kama ilivyo desturi. Débora mwenyewe hakuwepo. Tangu siku ya mbio za Dzatsi hakuna aliyemwona. Lakini jina la mama halivuliwi kama kitambaa cha kichwa, basi likabaki.

Dzatsi ni kilima kule Djugu. Siku wenye silaha walipofika, Emerance alikuwa amekaa kwenye kigoda, Débora katikati ya magoti yake, akimsuka kwa uzi mweusi. Alikuwa amemaliza upande wa kuume. Kelele zikapanda kutoka bondeni. Kutoka pale nyumbani njia zilikuwa mbili: ya chini ilikuwa fupi lakini ilivuka mto, ya juu ilikuwa ndefu na yenye mawe. Wifi yake Bibiane alikuwa na mimba nzito, hakuweza kuvuka maji. Emerance akamshika Bibiane kiuno, na mtoto akamkabidhi Jérôme, mume wa Bibiane, kwa sababu Jérôme alikuwa na mabega ya kumvusha mtoto mtoni.

"Shika mukono ya Papa Jérôme," alimwambia. "Kichwa tutamalizia kule mbele."

Waliopita juu walifika Bunia. Waliopita chini hawakufika, na hakuna aliyesema walibaki wapi.

Sasa ilikuwa ile miaka ambayo risasi zilinyamaza bila mtu kusema kama zimeisha. Wakubwa walikuwa wametia saini mkataba wa amani. Watu wa site, pale penye mahema ya waliokimbia, walisikia redioni kwamba wanaweza kurudi kwao. Wakifunga mizigo, waliambiwa wangoje kidogo. Emerance aliishi site pamoja na Bibiane na mtoto aliyezaliwa njiani. Kila walipokwenda kuwauliza wakubwa habari za watu wao, ofisi hii iliwatuma ofisi ile, na kila ofisi iliwarudishia swali lile lile: wamelala wapi? Bila pahali hakuna msalaba. Na kwao matanga hukaliwa penye mwili au penye kaburi. Fununu haikaliwi matanga. Kwa hiyo watu wa njia ya chini hawakuliliwa kama wengine wanavyoliliwa. Walihesabika kuwa wamekawia tu.

Jeu ya Msafiri ilikuwa hivi. Mtu anatoka kwao na lazima afike ziwani. Njiani anakuta watu, vijiji, mapori, na kila mara anaulizwa achague. Aliyeijua kuliko wote ni Osée, kijana wa moto, yaani wa pikipiki, ambaye asubuhi alibeba abiria mpaka mafuta yakaisha, kisha mchana akaja kukaa mbele ya televizyo ya nne na koti lake la kazi.

"Iko vitu unapitaka," Osée aliwaeleza wenzake, "na ukishapita, umepita. Kama yule muzee wa funguo kwa daraja. Usipomusemesha mbele ya kuvuka, hata ukirudi na machozi, hutamukuta."

"Si unarudisha nyuma?"

"Unarudisha nini? Machine inaandikaka yenyewe pahali umefika. Weye unachagua, yeye anashona."

Siku moja ya mvua, mchana, wateja hawakuja. Emerance akaivuta mbabula yake ndani ya mlango, Hélène akaguna lakini akamwachia. Osée alikuwa peke yake. Emerance hakuwa na kawaida ya kutazama televizyo; macho yake yalikuwa ya mafuta. Siku hiyo akayainua. Akamwona Msafiri anateremka kilima mbio. Kando ya njia, chini ya turubai, watu walikaa kwenye mikeka kuuzunguka moto, vichwa vimeinama ndani ya vitambaa. Msafiri akawapita kama upepo.

"Osée," Emerance akasema. "Ile ni matanga."

"Ndiyo, mama."

"Umepita matanga."

"Mama Deb, bale batu ni décor tu, ya kupamba njia. Habana hata uso. Unabasalimia, habajibu. Habakupatiake kitu."

"Na matanga inakupatiaka nini, weye? Ulishaenda kulia mutu ukarudi na mbuzi?"

Hélène akacheka mpaka kiti chake kikalia. "Jibu, motard!"

"Lakini jeu si kanisa, mama."

"Rudisha huyo mutu."

Osée akamrudisha kwa miguu, kwa kuwa mvua ilikuwa ndefu na mandazi yalikuwa ya moto.

"Sasa akae."

"Kukaa ni hii bouton ya rond, ya muviringo. Ila mama, akikaa..."

"Akae."

Msafiri akakaa kwenye mkeka. Osée akangoja kidogo, kwa adabu. Hakuna kilichotokea. Mvua ya nje ilipiga mabati, na mle ndani ya jeu jua lilikuwa linawaka.

"Basi tuende?"

"Uende wapi? Hata kahawa hajapewa." Emerance akafuta unga mikononi, akaichukua manette, akaiweka mapajani kama mtu anayemshikia mwenzake mtoto. "Bouton ya kusema pole ni gani?"

"Haiko."

"Basi tutakaa tu. Kukaa pia ni kusema."

Hélène alipofunga chumba jioni, alizima tatu na kuiacha ya nne iwake. Hakueleza sana. Alisema kwamba yeye pia mama yake alimfundisha kuwa mtu hafukuzwi matangani.

Asubuhi Msafiri alikuwa bado amekaa. Kioo cha televizyo kilikuwa na umande. Hélène akaupangusa kwa upindo wa kitenge chake, umande haukutoka, kwa kuwa ulikuwa upande wa ndani. Akaacha. Baadaye kupitia ule ufa wa kwenye kona moshi ukaanza kutoka, moshi wa mti wa eukaliptusi, ule mtamu unaouma macho. Vijana wa mpira wakalalamika. Hélène akaiondoa shuka dirishani, akawaambia wasogee upande wa hewa, na mechi zikaendelea.

Wa kwanza kuinua kichwa alikuwa muzee Camille, katekista wa Dzatsi, na lile pengo lake la meno ya mbele. Alimtazama Emerance moja kwa moja kupitia kioo.

"Mama Débora. Umekawia."

"Njia ilikuwa mubaya, muzee."

"Tunajua."

"Matanga ni ya nani?"

"Ni ya siye," akasema Camille. "Tuliona hakuna mutu anatukalia, tukajikalia siye wenyewe. Lakini mutu hawezi kujimalizia matanga yake. Inaomba mugeni, akae, asikimbie."

"Na bale bote banapitaka hapa?"

"Banapita mbio sana, mama. Bana kazi kwa ziwa."

Osée alisikia hayo akiwa amesimama nyuma. "Tiens," akasema. "Hii sikuwahi kuiona. Na nilimaliza hii jeu yote." Hakushangaa. Aliona uchungu tu, kama mtu aliyeosha sufuria kisha akaambiwa kwamba chini palikuwa na nyama.

Habari ikafika site, na watu wa Dzatsi wakaja na mikeka. Waliitandika kwenye saruji mbele ya televizyo ya nne, wakavua viatu mlangoni. Mmoja alileta kuni, mwingine sukari, maana haendi mtu matangani mikono mitupu. Hélène akaonyesha pa kuviweka. Ndani ya kioo vichwa viliinuka kimoja kimoja, na kila kilipoinuka, mtu mmoja wa upande huu aliita jina. Madeleine mwenye soko. Yule fundi wa mabati na mke wake. Mama mmoja akamwona mama yake mzazi, akapiga magoti, akamwambia kwamba yule ng'ombe mwenye pembe moja alizaa. Mama yake akatikisa kichwa kwa furaha, maana ng'ombe yule alikuwa akimsumbua roho.

Mwishoni mwa mkeka alikaa Jérôme na mabega yake. Bibiane akamsukuma mtoto wake mbele ya kioo.

"Huyu ni papa yako."

Jérôme akamtazama mtoto kwa muda mrefu. Waliotengeneza jeu hawakumpa neno hata moja. Akalaza kiganja chake mkekani kando yake, akapangusa vumbi, kama unavyomwonyesha mtoto mahali pa kukaa. Mtoto akaangalia, akaelewa, akaketi kwenye saruji pale pale chini ya mkono. Hapo mama mmoja aliyekuwa akilia akaacha kulia.

Waliimba. Wa ndani ya kioo ndio walioanzisha kila wimbo, na wa chumbani wakaitikia. Vijana wa mpira walishusha sauti za mashine zao. Mmoja alipofunga goli alipiga makofi kwa vidole viwili, kisha akageuka akasema, "Mutusamehe, wamama."

"Hapana, cheza mutoto," akajibiwa. "Balikuwa banapenda mupira."

Siku ambayo kwa desturi matanga huisha, kahawa ya mwisho ilikuja. Wanaogawa kahawa matangani ni watoto. Aliyeileta alitoka nyuma ya moshi na sinia la vikombe mikononi, akitembea polepole asimwage. Upande wa kuume wa kichwa chake ulikuwa umesukwa mistari safi. Upande wa kushoto nywele zilisimama wima kama majani ya shamba, na kutoka nyuma ya sikio uzi mweusi ulining'inia mpaka begani. Hakuwa amekua hata kidogo.

Débora akampa kila mtu kikombe. Halafu akasimama mbele ya Msafiri, yaani mbele ya mama yake.

Muzee Camille akasema, "Sasa inaisha. Mugeni achague."

Chini ya kioo yakatokea maandishi mawili kwa Kifaransa. Emerance alisoma mpaka darasa la tatu. Herufi alizijua, Kifaransa kilimkimbia. Osée akachuchumaa kando yake akamsomea kwa sauti ya chini.

"Ya kwanza inasema: *Kumuuliza pahali balilala*. Ya pili inasema: *Kumalizia kichwa chake*."

"Ninafanya yote mbili."

"Moja tu, Mama Deb. Na ukishafinya, machine inaandika. Hairudiake."

"Nitamuuliza wakati niko namusuka. Mutoto anasemaka vizuri akisukwa."

"Haiko vile. Ukichagua kichwa, atanyamaza, atasukwa, atakwenda. Ukimuuliza, atajibu, atakwenda."

Emerance aliangalia ule uzi. Mikono yake ilijua pale ilipoachia, nyuma ya sikio la kushoto, mstari wa kwanza, uzi umezungushwa lakini haujakazwa. Tangu siku ile ilikuwa ikiukumbuka uzi huo kila ilipokanda unga. Mtoto hatembezwi na kichwa nusu. Hata kisimani wenzake wangemcheka, na hapa alikuwa akigawa kahawa mbele ya wazee wote. Na akili yake ilianza kusikia uzito wa kile kichwa katikati ya magoti, joto lake, ile harufu ya mafuta ya mawese, na jinsi Débora alivyokuwa akijivuta shingo na kusema *aïe, mama* hata kabla ya kuguswa.

Kidole gumba chake kikaenda kwenye ya pili.

"Wifi," akasema Bibiane.

"Usiniangalie."

"Sikuangalii. Nasema tu." Bibiane alipiga magoti nyuma yake, mdomo karibu na bega. "Siku ile kwa njia mbili, ulinichagua miye. Sikukuomba. Ulinishika kiuno tu, tukapanda. Leo nakuomba. Pahali Débora iko, Jérôme iko. Mama ya huyu iko, bwana ya yule iko. Nichague tena."

"Bibiane, mwache," akasema mzee mmoja, Rebecca, kutoka nyuma. "Mutoto ni wake."

"Na wangu?" akasema mwanamke mwingine. "Wangu balikuwa batatu."

"Wako habatasukwa, mama. Wake iko pale na uzi."

"Kwa hiyo uzi inapita batu?"

"Wamama," akasema Hélène, ambaye hakuwa mtu wa Dzatsi na hakuwa na neno katika jambo hilo, "batri iko rouge. Kuna wingu."

Wote wakainua macho kwenye taa ndogo. Ilikuwa nyekundu kweli.

Emerance akainama karibu na kioo. "Débora," akasema. "Kichwa kinakuuma?"

Mtoto alimtazama bila kujibu, kwa sababu swali hilo halikuwemo katika jeu.

Emerance akahamisha kidole, akafinya ya kwanza.

Débora akaweka sinia chini. Akasema kwa sauti ya mtoto anayetoa ujumbe aliotumwa, asisahau neno:

"Tuko chini ya ciment, pale banaanikaka mahindi, karibu na ile njia ya mto. Iko baridi kidogo. Tuko bote. Papa Jérôme alinishika mukono, hakuachilia."

Maandishi ya pili yakafutika, na pahali pake pakabaki majani tu ya ardhi ya jeu. Kwenye kona kiduara kidogo kikazunguka, kikazunguka, kikakoma. Mashine ilikuwa imeandika.

Ndani ya kioo watu wakasimama. Walikunja mikeka, wakakung'uta vitenge. Muzee Camille akamwaga maji juu ya moto, na mvuke ukatoka kwa ufa ukajaza chumba, watu wakafuta nyuso zao. Jérôme akamwinua Débora akamweka begani. Wakaondoka kwa mstari mmoja bila kugeuka, kama watu waliokuwa wamechoka kukaa. Msafiri akabaki peke yake amesimama, na mbele yake njia ya ziwani ikafunguka pana. Osée akaichukua manette, akaitazama, akaiweka chini. Hélène akazima kabla batri haijafa.

Wakaenda ofisini. Walikwenda Emerance, Bibiane, Rebecca na wengine wachache, na Osée kwa ajili ya Kifaransa. Bwana aliyewapokea, Yves, alikuwa na kazi ya mambo ya amani. Alikuwa kijana mpole. Aliwatafutia viti hata kwa jirani. Habari ya televizyo haikumsumbua. Alisema kwamba ushahidi unamjia kwa njia nyingi, kwa ndoto, kwa simu, na juzi ulimjia kwa mbuzi wa Mahagi-Port aliyekataa kuvuka shamba moja.

"Sasa ni pahali gani?" akauliza.

Wakamwambia.

"Ah. Chini ya séchoir, pale pa kuanika." Akaacha kuandika. "Hiyo tunajua."

"Munajua?"

"Kila mutu kule kilimani anajua. Na siye hapa, tangu mwanzo."

Rebecca akauliza. "Mbona kila mara tunakuja, munatuuliza: *balilala wapi, balilala wapi*?"

"Ni swali tunaulizaka, mama. Si mubaya." Akawaeleza taratibu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda hospitali. Baada ya saini, mradi mmoja wa amani ulitafuta uwanja tambarare kule Dzatsi, wa kujenga pa kuanika mahindi, ili watu wa pande zote mbili waanike pamoja na kuzoeana. Uwanja tambarare ulikuwa ule mmoja tu. Waliochimba msingi walikuta walichokuta, wakawauliza wakubwa, wakaambiwa waendelee. Sasa watu wanaanika pamoja na hakuna aliyempiga mwenzake. Wageni huletwa kuangalia. "Tukivunja ciment tunavunja na ile amani. Mutuelewe, wamama. Lakini kuomba, munaweza kwenda kuomba. Mukiwa kwa njia, mchana, bila kelele mingi. Nitawapigia simu."

"Kumbe ningemalizia kichwa," akasema Emerance.

"Kichwa gani, maman?"

Emerance akainuka, akashika kiti chake akirudishe kwa jirani.

Osée aliianza jeu upya. Alimtoa Msafiri kwao, akamteremsha kile kilima, na pale kando ya njia alikuta majivu na nyasi zilizolala, basi. Akamkalisha hapo hata hivyo. Aliuliza kwenye vyumba vingine vya mjini, Lumumba, Saio, mpaka kwa jamaa yake kule Irumu. Kote ni majivu. Ila wakati mwingine, mbali kwenye mgongo wa kilima, anapita mwanamume mwenye mabega mapana na mtoto juu yake, na ukisogea karibu na kioo unaona kwamba upande mmoja wa kile kichwa umesimama wima. Hawasimami. Vijana wa Bunia wanaocheza jeu hiyo sasa wana tabia yao: wakimwona, wanafinya rond, Msafiri anakaa chini mpaka wapite. Hawapatiwi kitu kwa hilo. Mgeni akiuliza kwa nini, anaambiwa, "Kaa kwanza."

Wakati wa mavuno, lori lilipanda Djugu likiwa na akina mama wale. Bwana Yves alikuwa amepiga simu kweli, na kwenye vizuizi waliachiwa njia. Waliteremka penye njia ya mto. Uwanja ulikuwa upande wa pili wa mfereji, mpana, laini, umefagiliwa vizuri, na mahindi yametandazwa juu yake manjano tupu mpaka macho yanauma. Katikati mtu mmoja alikuwa anayageuza kwa reki ya mti. Alikuwa Félicien, jirani yao aliyebaki Dzatsi. Zamani yeye na Emerance walikuwa wakiazimana chumvi.

"Mama Débora," akaita. "Mulifika?"

"Tulifika."

"Pole ya safari. Njia iko namna gani?"

"Iko."

"Simu ilipigwa. Mukae muzuri tu, pale kwa majani." Akawaonyesha pahali pasipo na tope.

Wakasimama kwenye majani, nyuso zikielekea saruji. Emerance hakujua aanzishe wimbo gani, na hakuhitaji kujua. Wimbo ulianza wenyewe kutoka chini, kutoka chini ya mahindi, kwa sauti ya pengo ya muzee Camille, na baadaye za wengine, nzito, zimekaa pamoja kama watu wa nyumba moja. Punje zilitetemeka kidogo juu ya saruji. Wa njiani wakaitikia. Kila ubeti ulitoka chini kwanza, wakaupokea juu. Katikati ya sauti hizo palikuwa na moja nyembamba iliyokuwa ikiwahi mbele ya wengine, kama watoto wanavyofanya, na Emerance akaifuata hiyo, hiyo tu, mpaka mwisho.

Félicien alikuwa amesimama na reki yake, kofia ameivua ameishika kifuani. Wimbo aliujua. Aliimba sauti ya chini, na aliimba vizuri; alikuwa mtu wa kwaya tangu utoto. Rebecca akaomba kwa ufupi, bila kelele mingi, kama walivyoagizwa. Wakasema amina. Chini pia wakasema amina, na Félicien akasema amina.

Akavaa kofia. Alikuwa miguu mitupu, kwa kuwa viatu huvunja punje. Akaanza tena kuyageuza mahindi, taratibu, kutoka upande wa kuume kwenda wa kushoto, akipita juu yao wote.